Mwanasheria Mwanamke na Shauri Lake Mwenyewe: Mwongozo wa Kusema, Kusikika na Kushika Uongozi

Mwanasheria mwanamke anaweza kusimama mbele ya jopo la majaji akatetea haki ya mtu asiyemfahamu hadi dakika ya mwisho, kisha akarudi ofisini na kunyamaza pale jalada aliloliandaa yeye linapokabidhiwa mwingine akalisimamie. Hanyamazi kwa kukosa ufasaha. Hunyamaza kwa sababu katika shauri lake mwenyewe hana mteja wa kumsukuma, hana tarehe ya kutajwa, wala hana kanuni zinazomwelekeza aanzie wapi. Mwongozo huu una msimamo mmoja: jambo lako la kazini linastahili maandalizi yale yale unayoyafanya kwa ajili ya mteja, yaani ushahidi, muda, chombo sahihi cha kulipeleka, na nafuu, yaani hatua unayotaka ichukuliwe, inayoombwa kwa maneno yaliyo wazi.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba taaluma hii ilijengwa kwa muda mrefu bila wanawake ndani yake. Mwaka 1873 Mahakama ya Juu ya Marekani iliridhia uamuzi wa Jimbo la Illinois wa kumnyima Myra Bradwell leseni ya uwakili, ingawa mtihani alikuwa ameufaulu. Na Uingereza iliwafungulia wanawake mlango wa uwakili kwa sheria ya mwaka 1919. Taratibu nyingi za mahakamani na za ofisi za mawakili, kuanzia nani huzungumza kwanza hadi nani hurithi wateja wa mkubwa anayestaafu, zilikuwa zimekwisha kuota mizizi kabla ya hapo. Nalitaja hili mapema ili msomaji asiyachukulie mazoea anayokutana nayo kuwa ni kasoro ya tabia yake.

Hatua ya kwanza: Andika unachokiomba kabla ya kuandika unachokilalamikia

Hati ya madai isiyotaja nafuu haina uhai, na malalamiko ya kazini ni hivyo hivyo. Kabla ya kuzungumza na yeyote mwenye mamlaka, chukua karatasi na uandike sentensi moja inayosema ni kitu gani kitakuwa kimebadilika iwapo utasikilizwa. "Nataka kuheshimiwa" ni kauli ya haki, lakini hakuna mkuu wa ofisi anayejua aitekeleze vipi kesho asubuhi. "Naomba mimi ndiye niwahoji mashahidi wawili wa upande wa pili katika shauri hili", "Naomba malipo yangu yalinganishwe na ya mawakili wenye miaka ya kazi kama yangu", au "Naomba nisipangwe tena katika jalada moja na mtu huyu" ni maombi ambayo hujibiwa kwa ndiyo au hapana, na hapana iliyotamkwa wazi ina manufaa kuliko ahadi isiyo na mwisho, kwa kuwa inaweza kukatiwa rufaa.

Zoezi hili pia hutenganisha mambo ambayo mara nyingi huja yakiwa yamefungamana. Kukatizwa ukiwa unazungumza, kunyimwa kazi za uzito, kulipwa pungufu, na kunyanyaswa kingono ni mambo manne tofauti, na kila moja lina ushahidi wake na mahali pake pa kupelekwa. Ukiyachanganya katika barua moja yenye hasira, lile zito zaidi litazama ndani ya yale mepesi.

Hatua ya pili: Weka kumbukumbu tangu siku ya kwanza

Kumbukumbu iliyoandikwa siku ile ile ya tukio huwa na uzito ambao masimulizi ya baadaye hayawezi kuufikia. Andika tarehe, saa, mahali, waliokuwapo, na maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, bila kuyapamba na bila kuyapunguzia ukali. Andika pia ulichojibu, hata kama hukujibu kitu. Hifadhi barua pepe zinazoonyesha nani aliandaa hoja, nani alifanya utafiti, na nani aliyetajwa mbele ya mteja. Baada ya mazungumzo ya ana kwa ana yenye ahadi ndani yake, tuma ujumbe mfupi wa heshima: "Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo, ambapo tulikubaliana kwamba nitaongoza maandalizi ya rufaa." Ujumbe huo si ugomvi, bali ni njia ya kawaida ya kufanya kazi, na mwenye nia njema hataona ubaya ndani yake.

Hapa kuna tahadhari ambayo wanasheria hawapaswi kuipuuza. Usiweke nyaraka za mteja katika kumbukumbu zako binafsi, na usizihamishie kwenye anwani yako ya nyumbani kwa sababu tu zinathibitisha mchango wako. Kinga ya mawasiliano kati ya wakili na mteja ni mali ya mteja, na ukiivunja utakuwa umempa mwajiri sababu ya kukushtaki wewe badala ya kujibu hoja yako. Taja namba ya jalada, tarehe na aina ya kazi uliyoifanya. Chombo kitakachosikiliza malalamiko kinaweza kuitisha nyaraka zenyewe kwa utaratibu wake. Kuhusu kurekodi mazungumzo kwa siri, sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo soma sheria inayokuhusu kabla ya kuwasha simu.

Muda nao ni sehemu ya ushahidi. Lilly Ledbetter, msimamizi katika kiwanda cha matairi nchini Marekani, aligundua akiwa karibu kustaafu, kupitia kikaratasi kisicho na jina la mwandishi, kwamba alikuwa analipwa pungufu kuliko wanaume wa ngazi yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura tano dhidi ya nne, kwa hoja kwamba siku 180 za kulalamika zilihesabiwa tangu maamuzi ya malipo yalipofanywa, si tangu alipoyajua. Ruth Bader Ginsburg, ambaye wakati huo alikuwa jaji mwanamke pekee katika mahakama hiyo, aliyasoma maoni yake pinzani kwa sauti kutoka kitini na kulitaka Bunge lirekebishe sheria. Bunge liliirekebisha, na sheria mpya yenye jina la Ledbetter ikatiwa saini Januari 2009. Kwa mwanasheria, kisa hiki kinafundisha mambo mawili: tafuta mapema muda wa ukomo unaohusu malalamiko yako na uutie kwenye kalenda kama unavyofanya kwa kesi za wateja, na usidhani kwamba maoni ya walioshindwa ni maneno ya bure yakiwa yameandikwa vizuri na kutolewa mahali yanapoweza kusikika.

Hatua ya tatu: Jifunze kuilinda nafasi yako unapozungumza

Watu wengi huamini kwamba mwanamke akifika ngazi ya juu kabisa hatakatizwa tena. Utafiti wa Tonja Jacobi na Dylan Schweers, uliochapishwa mwaka 2017, ulichunguza mabishano ya mdomo, yaani hoja zinazotolewa kwa kusema mbele ya majaji, katika Mahakama ya Juu ya Marekani na kukuta kwamba katika mwaka wa mahakama wa 2015 karibu theluthi mbili ya ukatizaji wote kati ya majaji uliwaelekea majaji wanawake, ambao walikuwa watatu tu. Waliokuwa wakiwakatiza hawakuwa majaji wenzao peke yao, bali hata mawakili waliokuja kuomba uamuzi wao. Utafiti huo ulibaini pia kwamba, kadiri miaka ilivyokwenda, majaji wanawake walijifunza kuacha vitangulizi vya adabu kama "samahani" na "naomba kuuliza", kwa kuwa pengo hilo dogo ndilo lililompa mwingine nafasi ya kuingia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuanza na kiini. Unaposimama, taja idadi ya hoja zako na jibu unaloliomba: "Waheshimiwa, nina hoja tatu, na zote zinaonyesha kwamba rufaa hii imewasilishwa nje ya muda." Ukishataja tatu, anayekukatiza katika ya pili anajulikana kwa kila mtu kuwa amekukatiza. Jaji anapokuuliza swali, jibu kwa neno moja kwanza, kisha eleza. Maelezo yanayotangulia jibu huonekana kama kukwepa.

Wakili wa upande wa pili akikuingilia, usibishane naye moja kwa moja, maana hapo mtakuwa watu wawili wanaogombana na jaji atawanyamazisha wote. Geukia kiti: "Mheshimiwa, msomi mwenzangu atapata nafasi yake, naomba nimalizie hoja ya pili." Itamke kwa sauti ya chini kuliko ile uliyokuwa nayo, polepole, kisha endelea pale pale ulipoishia bila kusubiri radhi ya mtu. Ikiwa ukatizaji umekuzuia kuwasilisha jambo la msingi, omba liandikwe katika mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu rasmi ya kesi, kwamba hukumaliza, na uombe ruhusa ya kuwasilisha maelezo ya maandishi. Mahakama ya rufaa haisomi sura yako ya kuudhika, inasoma mwenendo.

Ukidhaniwa kuwa mkalimani, karani au ndugu wa mshtakiwa, jambo ambalo mawakili wanawake wamelieleza katika nchi nyingi, sahihisha papo hapo kwa sentensi moja: "Mimi ndiye wakili wa mdai." Usicheke ili kumpunguzia aibu aliyekosea, wala usimhutubie. Na ukiitwa kwa jina la kwanza katika chumba ambacho wanaume wanaitwa "wakili msomi", jitambulishe upya kwa cheo chako unapoanza kuzungumza tena.

Vikaoni kuna tatizo jingine: wazo lako linapita bila kujibiwa, kisha dakika kumi baadaye linapokelewa kwa shangwe likitoka kinywani mwa mwingine. Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani katika utawala wa Barack Obama walieleza kwamba walikubaliana kurudia hoja ya mwenzao na kumtaja jina lake, hadi wazo likabaki na mwenyewe. Njia hii inafanya kazi hata mkiwa wawili tu. Ukiwa peke yako, dai wazo bila uchungu: "Nafurahi kuona pendekezo langu la mwanzo limeungwa mkono, hatua inayofuata ni kuandaa hati ya kiapo, nami nitaianza leo." Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ni muhimu zaidi, kwa sababu anayeshika hatua inayofuata ndiye anayeshika wazo.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke akiamini kwamba dawa yote iko katika namna anavyozungumza. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibadilisha utaratibu wa mabishano na kumpa kila jaji zamu ya kuuliza maswali kwa kufuata ukuu wa utumishi, na Jaji Sonia Sotomayor alisema hadharani kwamba tafiti kuhusu ukatizaji zilichangia mabadiliko hayo. Yaani, walichokifanya wanawake wale kwa uvumilivu wa miaka mingi, kanuni moja ilikifanya kwa siku moja. Kila unapoweza kudai kanuni, dai kanuni.

Hatua ya nne: Tafuta watu kabla ya kusimama

Kuna tofauti kubwa kati ya mlezi na mdhamini wa kitaaluma. Mlezi hukushauri mkiwa wawili. Mdhamini hukutaja ndani ya chumba wewe ukiwa nje yake, wakati majina ya wabia wapya au ya mawakili wa kuongoza shauri kubwa yanapojadiliwa. Wanawake wengi hupewa walezi tele na hawapewi mdhamini hata mmoja. Chunguza ni nani katika ofisi yako mwenye sauti katika maamuzi ya fedha na ya kupandisha vyeo, fanya kazi ambayo ataiona mwenyewe, kisha mwombe bila kuzunguka: "Jina langu litakapojadiliwa mwaka huu, je, utakuwa tayari kulitetea?" Si lazima awe mwanamke.

Nje ya ofisi, jiunge na vyama. Shirikisho la Kimataifa la Wanasheria Wanawake, linalofahamika kwa jina la FIDA, lilianzishwa mwaka 1944 huko Mexico na lina matawi katika nchi nyingi. Chama cha Kimataifa cha Majaji Wanawake kilianzishwa mwaka 1991. Usijiunge kwa ajili ya sherehe za mwaka peke yake. Ingia katika kamati inayoandika maoni kuhusu miswada au kanuni za maadili, kwa kuwa humo ndimo mwanasheria kijana anapopata kuandika jambo litakalosomwa na waamuzi wakubwa kuliko bosi wake.

Hatua ya tano: Peleka malalamiko mazito mahali pake

Utafiti wa Chama cha Kimataifa cha Mawakili uliotolewa mwaka 2019, ambao ulipokea majibu ya watu karibu 7,000 katika nchi 135, ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu waliojibu alikuwa amenyanyaswa kingono katika mazingira ya kazi ya sheria, na karibu nusu ya wanawake walikuwa wameonewa kwa vitisho na udhalilishaji. Katika asilimia 75 ya matukio ya unyanyasaji wa kingono, aliyetendewa hakuripoti. Mtu anaweza kuwauliza wanawake hao kwa nini hawakusema. Swali lililo la haki zaidi ni kwa nini ofisi zinazoishi kwa kupeleka mashauri mbele hazikuwa na mahali salama pa kupokea shauri hili.

Ikiwa jambo hili limekupata, anza kwa kuzungumza na mtu mmoja unayemwamini ambaye hayumo katika mnyororo wa mamlaka ya mtendaji wa kitendo hicho, kisha soma sera ya ofisi na uone nani amepewa kazi ya kupokea malalamiko. Njia kwa kawaida ni nne: utaratibu wa ndani wa ofisi, chombo cha nidhamu cha mawakili, iwapo mtendaji ni wakili, tume au baraza linalosimamia maadili ya majaji, iwapo ni jaji au hakimu, na mahakama au polisi, iwapo kitendo ni kosa la jinai. Njia hizi mara nyingi hazizuiani, lakini hatua ya mapema katika moja inaweza kuathiri nyingine, hivyo pata ushauri wa wakili mwingine. Wewe ni mwanasheria, ndiyo, lakini katika jambo hili ni mteja, na mteja anahitaji mtu asiye na jeraha.

Malalamiko yenyewe yaandikwe kwa mpangilio wa matukio, aya kwa aya, kila aya ikiwa na tukio moja na tarehe yake. Tenganisha ulichokiona na ulichokisikia kwa wengine. Acha sifa za mtu, taja vitendo. Malizia kwa nafuu unazoomba, ikiwamo kulindwa dhidi ya kulipiziwa kisasi wakati uchunguzi ukiendelea, na uombe tarehe ya kujibiwa. Angalia kama nchi unakofanyia kazi imeridhia Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Juni 2021. Mkataba huo unawalinda hata wanafunzi walio katika mafunzo ya kazi na watu wanaoomba kazi, yaani wale wale ambao katika taaluma yetu huwa hawana kinga yoyote.

Wapo watakaopima hali yao na kuamua kutoripoti kwa sasa, na uamuzi huo ni wao. Waendelee tu kutunza kumbukumbu na kuijua tarehe ya ukomo.

Hatua ya sita: Omba kazi zinazojenga uongozi

Kwa miezi michache, andika kazi zako zote katika safu mbili: zile zinazohesabiwa katika kupandishwa cheo, na zile zinazoifanya ofisi ikae vizuri bila kumpandisha mtu, kama kuandika kumbukumbu za vikao, kupanga shughuli za kijamii na kuwapokea wageni. Safu ya pili ikiwa ndefu, pendekeza zamu kwa watu wote, na sema ni kazi gani ya safu ya kwanza unayoitaka badala yake. Omba kuhoji mashahidi, kuwasilisha rufaa, kukutana na mteja mkubwa bila kusindikizwa, na kukaa katika kamati ya fedha. Hapo ndipo viongozi wa ofisi za sheria wanapotoka.

Anayelenga ujaji aanze miaka kabla ya tangazo la nafasi. Atunze orodha ya mashauri aliyoyaendesha mwenyewe pamoja na hukumu zake, aandike makala za kisheria, na asisubiri hadi atimize kila sifa inayotajwa kuwa ni nyongeza tu.

Hatua ya saba: Ukipata kiti, kitumie

Navanethem Pillay alifungua ofisi yake ya uwakili huko Natal, Afrika Kusini, mwaka 1967, katika enzi za ubaguzi wa rangi. Miaka thelathini baadaye alikuwa jaji mwanamke pekee katika jopo la Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, mjini Arusha, lililosikiliza kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hati ya mashtaka ya awali haikuwa na shtaka la ubakaji. Shahidi mmoja alipotaja kitendo hicho katika ushahidi wake kuhusu jambo jingine, jopo halikukipita. Maswali yaliulizwa, mashahidi zaidi wakasema, mashirika ya kutetea wanawake yakashinikiza, na Juni 1997 hati ikarekebishwa. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari. Naamini huu ni mfano ulio bora kuliko hotuba yoyote kuhusu uongozi: mtu aliyekuwa na kiti alisikia kilichokuwa kinasemwa pembeni, akauliza swali linalofuata.

Kiti chako huenda ni kidogo kuliko hicho, lakini kina nguvu zake. Hakimu anaweza kusema, "Mwache wakili amalize," na kuiandika katika mwenendo. Mkuu wa idara anaweza kuamua kwamba aliyeandaa hoja ndiye atakayeiwasilisha. Ofisi inayoagiza kazi kwa mawakili wa nje inaweza kuhesabu ni ngapi zinakwenda kwa wanawake na zina thamani gani. Baraza la Sheria la Australia lilipitisha sera ya namna hiyo mwaka 2016, likiweka lengo la angalau asilimia 30 ya kazi na ya ada ifikapo mwaka 2020. Na mwanasheria kijana akija mlangoni kwako na malalamiko ambayo ameyaandika aya kwa aya, yasome mbele yake, mwulize anaomba nini, mwambie nani mwingine atayaona, na kabla hajaondoka mpe tarehe ya jibu kwa maandishi.